Rangi ya Ukuta wa Nyuma

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula.

Kaka yangu Kiberiti,

Nakusalimu salamu za dada kwa kaka yake, nikiomba barua hii ikukute mzima, umekula ukashiba, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umekupa walau nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo, ila ni kutojambo kwa watu wenye mzee ndani: leo tunacheka, kesho tunakimbizana na mabeseni na mataulo. Wapwa zako wanakua, na wanakula kama waliopewa kazi ya kula. Shemeji yako naye anakusalimu. Alitaka aongeze neno lake mwishoni mwa karatasi, nikamkatalia, kwa sababu namjua. Ataanza utani na wewe, na mimi leo sina nafasi ya utani.

Ujumbe wako nimeupata. Niliusoma jikoni nimesimama, nikausoma tena nimekaa. Unasema unakuja mwisho wa mwezi, umechoka kuwa mwana wa salamu za mbali, unataka kumpigia baba magoti angali hai. Kaka, maneno hayo ungeyaleta mwaka jana, ningepiga vigelegele mpaka majirani waje kuuliza nani anaolewa. Safari hii sikupiga hata kimoja. Sufuria iliungua mbele ya macho yangu nami nikiitazama tu. Ndiyo maana nakuandikia na sikupigii simu. Kwenye simu ungewaka kabla sijafika katikati. Hukuitwa Kiberiti bure. Tafadhali isome barua hii mpaka mwisho kabla hujakata tiketi.

Najua unaukumbuka ukuta wa nyuma. Nyumba nzima ilikuwa inapakwa rangi kwa ajili ya harusi yako, ile harusi iliyotakwa na kila mtu isipokuwa bwana harusi. Baba alikataa kuita fundi, akasema nyumba ya kuozea mwana hupakwa na wenyewe. Rangi aliichanganya kwa kichwa chake, akapata ile rangi kama chai iliyozidi maziwa, ambayo hakuna duka lililowahi kuiuza. Mkapaka mbele, mkapaka pembeni, mkafika nyuma. Mlipofika nusu ya ukuta uliilaza brashi juu ya ndoo, ukamwambia baba kwamba huoi. Mimi ndiye niliyekuwa nimekushikia ngazi. Baba hakupiga kelele. Alisema kwamba ukiuacha ukuta ule pale ulipofika, radhi zake huna, mpaka urudi uumalize kwa mkono wako mwenyewe. Ukaenda zako na rangi ingali kwenye kucha.

Usilolijua, kwa sababu hukuwahi kuuliza, ni yaliyofuata. Baba alifuta brashi, akakaza mifuniko ya zile ndoo tatu zilizobaki, akaziingiza stoo, na ovaroli uliyoivua ukaiacha akaitundika msumarini juu yake. Tangu siku hiyo ikawa mwiko kwa mtu mwingine kuzigusa. Kila mwezi ukiandama aliingia stoo akazigeuza, iliyosimama akaipindua, iliyopinduliwa akaisimamisha, ili rangi isigande na kufanya utando juu. Marehemu mama alikuwa akisema wenzake wameolewa na wafuga mbuzi, yeye ameolewa na mfuga rangi. Tukacheka, na baba akacheka. Lakini ukuta ulibaki vilevile, nusu rangi, nusu saruji tupu, na mtaa mzima ukatuita watu wa nyumba iliyonyolewa upande mmoja. Mama alikufa akiuangalia hivyo.

Mvua za mwaka huu ndizo zilizoleta maneno. Upande ule mtupu ndio ukuta wa chumba cha baba, nao ulipata nyufa, maji yakawa yanaingia polepole. Ukungu mweusi ukapanda mpaka usawa wa mto wake, naye akashikwa na kikohozi kisichoisha. Daktari alinisikiliza, akasema dawa atatoa, lakini kama chumba hakikauki basi tutakuwa tunachota maji kwa pakacha. Nikaamua ukuta uzibwe, upakwe, yaishe. Wakati huo kumbukumbu za baba zilikwisha kumponyoka. Alikuwa akiniita kwa jina la mama, viatu anavitia kwenye friji, na macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho, anaona umbo na rangi ya kitu lakini sura haoni. Nikajiambia kwamba habari ya ukuta nayo imekwenda na maji. Nilijidanganya.

Nikaletewa fundi rangi. Ni mtu wa makamo yako, mrefu, mikono mirefu, mpole wa maneno. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaniuliza nataka rangi gani. Nikamwambia rangi ipo ndani, imebaki tangu zamani. Alinitazama kama mtu aliyekaribishwa kiporo cha juzi. Akasema rangi ya zamani huoza. Na hata isipooza, ya ndoo haitalingana na ya ukuta uliokaa juani miaka yote hiyo, mpaka wa rangi mpya na ya zamani utaonekana hata na kipofu. Na ikibanduka, watu hawatailaani rangi, watamlaani fundi. Nikamwambia afungue kwanza, alalamike baadaye. Unajua mdomo wangu. Lakini nikueleze na lililokuwa moyoni: nilitaka ukuta umalizwe kwa rangi ileile ili iwe kama hakuna mgeni aliyeugusa.

Ndoo ya kwanza alipoichokonoa kwa bisibisi, sote wawili tulitoka stoo mbio. Ilinuka kama kapu la mayai viza. Hizo mbili nyingine alizifungua akiwa ameziba pua, kisha akaiachia pua. Akakoroga kwa mti, akauinua, akatazama inavyodondoka. Akaichuja kwa kipande cha chandarua, akapaka tofali moja, akaliacha mpaka kesho yake. Alipolifuta kwa kiganja, kiganja kikatoka safi. Akaniuliza ni nani aliyeitunza. Nikamwambia ni mzee, alikuwa akizigeuza. Akatikisa kichwa akasema rangi hii haikuwekwa, imelelewa. Ndipo akazimimina zote mbili kwenye pipa moja ili zitoke rangi moja, akaanza kukwangua ukungu na kuziba nyufa.

Siku ya kupaka alikuja na nguo zake za kazi zimelowa mvua ya alfajiri, anatetemeka. Nikaingia stoo nikaichomoa ovaroli yako msumarini nikampa. Ilimkaa kama aliyepimwa. Kaka, nakuapia, niliitoa kama ambavyo ningetoa shuka au taulo. Sikuwa na wazo lolote nyuma yake. Mambo ya baadaye nitayabeba, lakini hilo silibebi.

Baba alikuwa amelala usingizi wa mchana. Nadhani harufu ndiyo iliyomwamsha. Alitokea mlango wa nyuma na fimbo yake, peku, akasimama. Fundi alikuwa juu ya ngazi ametugeuzia mgongo, na ile rangi ya chai ya maziwa inashuka ukutani mahali ambapo wewe uliiachia. Baba alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaita Kiberiti. Akasema, mwanangu, umerudi kumaliza kazi yako.

Fundi akageuka, akanitazama mimi. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kusema, baba, huyu ni fundi, nimemwita mimi. Neno lilikuwa mdomoni. Nikaweka kidole kwenye midomo yangu nikamwashiria fundi anyamaze.

Baba alimuuliza kama amekula. Akamwambia pale juu kona amepaka nyepesi, arudie. Akacheka peke yake, akasema Kiberiti hubadiliki, siku zote kona unazipita. Halafu akamwambia ashuke. Yule mtu alishuka, na kwa kuwa amelelewa, akainama mbele ya mzee. Baba akamwekea mkono kichwani. Alisema alikufungia mlango kwa mdomo wake, na leo anaufungua kwa mdomo huohuo. Alisema radhi zake unazo, yeye akiwa hai na akiwa maiti, utokako na uendako. Sijawahi kumsikia akinyoosha maneno namna ile tangu akili zianze kumpotea. Ungedhani alikuwa ameyatunza pamoja na zile ndoo.

Kisha akasema lingine, na hili kaka ulisome ukiwa umekaa. Alisema ile harusi aliitaka yeye kwa ajili ya urafiki wake na baba wa yule binti, na kwamba alijua tangu mwanzo kuwa wewe hutaki. Akasema amekukosea, na akaomba umsamehe. Mkono ukiwa ungali kichwani, akangoja jibu. Fundi alinitazama tena. Machozi yalikuwa yanamchuruzika yakichanganyika na matone ya rangi. Akasema, nimekusamehe, baba.

Kwa hiyo kama ulikuwa hujui, umesamehewa, na umeshasamehe. Wewe mwenyewe hukuwepo.

Tangu siku ile baba amekuwa mtu mwingine. Unajua kile kiti chake kilichokuwa kikikaa barazani, kikiangalia geti? Sikuwahi kukuandikia kwamba alikaa pale kila alasiri ya maisha yake tangu uondoke, mvua au jua, na kila geti likilia aliinua kichwa. Nilikuficha kwa sababu nilitaka uje kwa kupenda, nisikuburute kwa huruma. Sasa kiti kimehamia nyuma. Anakaa akiuangalia ukuta, au ile rangi yake, sijui anachoona. Geti likilia hageuki. Anakula. Kikohozi kimepungua. Fundi kwanza nilimwomba apite mara mojamoja, akifunga kazi. Siku hizi hapiti kwa kuombwa. Huja, huvaa ovaroli yako, hukaa kwenye jiwe la kufulia, na baba humsimulia visa vyako vya utotoni, naye huviitikia kana kwamba ni vyake. Juzi nilimsikia akimsahihisha baba ni mti gani ulikuwa umepanda ukaanguka na kuvunjika mkono. Alikuwa sahihi, baba alikuwa amekwisha kumsimulia mara nyingi mno.

Shangazi alipojua alinijia juu. Nilidhani ataniharibia kila kitu palepale barazani. Alisema radhi si shati, kwamba wa kwako akikosa unampa wa jirani avae. Alisema nimemdhulumu kaka yangu kitu ambacho hata ningeuza nyumba siwezi kumlipa, maana wahenga hawakukosea waliposema radhi ni bora kuliko mali. Nikamuuliza tu kama yuko tayari aingie yeye akamwambie baba. Alichungulia mlango wa nyuma, akamwona kaka yake anacheka. Akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga, na hajakanyaga hapa tena.

Fundi mwenyewe hana raha. Aliniambia anajisikia kama mtu aliyetoka nyumbani kwa watu amebeba kitu kwapani bila kujua. Baba yake alimwacha angali tumboni, hakuwahi kuwekewa mkono kichwani na mtu yeyote, na mkono wa kwanza umekuja kwa jina la mwingine. Aliniomba nikujulishe. Nikamwahidi, nikaiweka ahadi kando, kama unavyoona. Sikuwa na moyo wa kuanza. Halafu ukaja ujumbe wako.

Sasa nikueleze nililolifanya wiki iliyopita, ili usinifikirie kwamba nimekaa tu. Nilimwendea baba asubuhi, saa ambazo akili humtulia, nikamwambia Kiberiti anakuja. Akacheka, akaniuliza kwani amekwenda wapi tena, si alikuwa hapa jana? Nikamshika mkono nikamwambia kwa upole kwamba yule ni fundi rangi, ni mtu mwema lakini ni fundi, na mwanao wa kuzaa ndiye anayekuja. Kaka, laiti ningeukata ulimi wangu. Alininyang'anya mkono. Alisema watu wa nyumba hii wanataka kumnyang'anya mwanawe mara ya pili. Akauliza huyo anayekuja ni tapeli gani, ametumwa na nani, na kwa nini nimempa jina la mwanawe. Akalia kwa sauti, kama mtoto. Siku hiyo hakula, wala ya pili, na hakuniruhusu nimwoshe. Siku ya tatu nikamleta fundi, akavaa ovaroli, akamlisha kwa mkono wake. Ndipo nikasema mbele ya baba kwamba nilikosea, nilikuwa nimeota. Akanisamehe haraka sana. Kwa kusamehe siku hizi hana ubahili.

Hilo ndilo nililoliogopa siku ile sufuria ilipoungua. Ukiingia hapa mwisho wa mwezi na begi lako, ukamwangukia miguuni ukasema mimi ndiye Kiberiti, hutamkuta baba anayekusubiri. Yule aliyekusubiri amekwisha kukupokea, amepumzika. Utamkuta mzee anayeogopa mtu mmoja tu duniani, yule atakayekuja kusema kwamba ndiye mwanawe.

Utaniuliza kwa nini niliweka kidole mdomoni. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko utakavyoniuliza. Ningeweza kukujibu kwamba nilimhurumia baba, na nilimhurumia kweli. Lakini si yote. Nilichoka, kaka. Nilichoka kukusubiri kwa niaba yake. Nilichoka kumwambia labda kesho, labda mwezi ujao. Alipoita jina lako na mtu akageuka, nafsi yangu ilisema basi, inatosha, yeyote yule. Nina uchungu kwa ajili yako hadi usiku silali vizuri. Kujuta, bado sijajuta, na sitaki kukudanganya ili nionekane dada mzuri.

Pamoja na hayo, sikwambii usije. Njoo. Soma sasa namna ya kuja.

Fundi hakuumaliza ukuta. Mimi nilikuwa nimemsimulia maneno ya baba ya siku ile, kwamba lazima uumalize kwa mkono wako mwenyewe, na yeye akayashika kuliko mimi niliyeyasimulia. Juu kabisa, chini ya paa, kwenye ile kona ya dirisha la bafu, ameacha kipande cha saruji tupu, upana wa mlango. Baba akiwa kitini haoni kule, paa linapafunika. Nilipomwuliza fundi kwa nini, akasema hapo ni pa mwenyewe. Rangi imebaki, si nyingi. Nimeirudisha kwenye ndoo, nimekaza mfuniko, na naigeuza kila mwezi ukiandama kama baba alivyokuwa akiigeuza.

Basi shuka stendi, usije na begi. Liache kwa shangazi, ukae huko. Asubuhi njoo kwa mlango wa nyuma na nguo za kazi zozote ulizonazo. Ovaroli yako nimeifua, lakini usiiombe. Hiyo sasa ina mwenyewe, na baba akiiona juu ya mtu mwingine tutaanza kulia upya. Nitamwambia baba kwamba nimeita fundi kumalizia pale juu. Mimi nitakushikia ngazi kama siku ile. Pale pa kona usipakimbie, rudia mara mbili, atakuwa amekaa chini anasikiliza brashi.

Ukimaliza, shuka umuage. Atataka kukushukuru, mafundi wote huwashukuru, na huwaombea mema ya njiani. Huenda akakupa mkono. Upokee kwa mikono miwili, uinamishe kichwa, na chochote atakachokiweka juu yake ukichukue.

Atakuita fundi, kaka. Uitike.

Nakusalimu tena, na wapwa zako wanakusalimu; hao nimewaambia wakuite mjomba nje ya geti tu. Shemeji yako kachukua kalamu akaisoma barua hii akairudisha bila kuandika kitu, kwa hiyo salamu zake ni hizo nilizozitaja mwanzo. Nijulishe umeamua nini, na kama umeamua kuwaka, waka huko huko kwanza, uje ukiwa umepoa.

Mimi dadako wa kukushikia ngazi,
Kasuku